Wiki Kumi na Mbili

Machi, Tartu. Theluji ya kando ya barabara
imegeuka kijivu, kama sufuria isiyosuguliwa,
nami Liisbet, mwaka wa pili, hisabati,
nimeketi kitandani, kompyuta magotini,
napanga kiangazi ambacho hakijazaliwa.

Fomu inauliza: wiki ya kwanza utafanya nini?
Nikaandika: Nitausoma msimbo.
Nikafuta. Nikaandika: Nitauelewa msimbo.
Nikafuta upesi zaidi, huo ni uongo.
Wiki ya pili. Ya tatu. Ya nne.
Kupanga huku ni kumkatia kanzu
mtu usiyemjua kimo,
na kitambaa chenyewe bado kiko dukani.

Programu ni huria: yangu, yako, ya yeyote.
Kazi yake kuvunja polinomia ikatoa vigawo,
kama mtu abanguavyo korosho, punje nzima, bila jasho.
Lakini ipe iksi kwa kipeo cha nne, ujumlishe moja,
kisha uwape zamu ndugu zake wakubwa,
itazunguka mpaka chai yako ipoe,
mpaka uioshe bilauri, mpaka ulale.

Kwa namba nzima, hiyo haigawanyiki.
Lakini hesabu kwa mabaki,
kwa tatu, kwa tano, kwa kumi na saba,
kwa namba tasa yoyote uipendayo,
inapasuka. Kila mara inapasuka.
Basi programu, ikiona nyufa, huamini pana mlango,
ikaanza kupapasa ukuta,
tofali kwa tofali,
na mlango haupo.

Triinu, mwenzangu wa chumba, karudi ananuka zizi;
anasomea utabibu wa mifugo.
"Nani atakulipa?"
Posho kidogo, miezi mitatu.
"Na ukimaliza, wataiuza bei gani?"
Haiuzwi.
Akavua buti la kwanza, akatulia.
"Ni kama kumzalisha ng'ombe wa jirani usiku wa manane."
Ndiyo, nikasema, ila jirani mwenyewe humjui.
"Ng'ombe ndiye wa kujuliwa," akasema,
akavua la pili.

Msimamizi wangu yuko Graz, jina lake Ottokar,
maneno yake ni ya kupimwa kwa kijiko cha dawa.
Nilimpelekea kurasa tisa. Akajibu:
Mpango mzuri. Ukate nusu.
Nikakata, huku moyo ukilia.
Kata tena. Wiki ya saba utaugua,
au utapenda mtu,
au babu yako atataka mkono wa kupalilia viazi.
Iache wazi.
Amejuaje habari za viazi?

Usiku nikashuka ndani ya msimbo,
mstari baada ya mstari, kama mtu ashukaye ghalani na mshumaa,
na kwenye mstari wa elfu moja mia moja arobaini
nikakuta maandishi ya binadamu:
Hapa pabaya. Nitarekebisha kesho. H.
Kesho hiyo ina miaka kumi na mmoja.

H. ni nani? nikamwuliza Ottokar.
Hjalte. Siku hizi anafuga nyuki, Jutland.
Barua hajibu.
Kila Desemba hututumia asali.

Nilicheka peke yangu, Triinu akageuka usingizini.
Sikuweza kumkasirikia mtu huyo.
Mimi pia nina kesho nyingi nimeziweka huku na huko:
meno, cheti cha lugha, simu kwa mama.

Nikafuta yote niliyoandika.
Wiki ya kwanza: kuikuta kesho ya Hjalte.
Ya pili: kuifundisha programu kuuacha ukuta.
Ya tatu: kupima, kwa zile ngumu zilizolaza wengi.
Zilizobaki zikafuata polepole,
nyingine kwa mwandiko wa kujiamini,
nyingine kwa "labda", ambayo Ottokar ataikata.

Wiki ya saba nikaiacha tupu.
Fomu ikagoma: nafasi hii lazima ijazwe.
Saa tisa za usiku. Barafu ya mtoni ilikuwa inalialia kule chini.
Nikatia nukta moja.
Ikapita.