Ngazi ya Zibele

Vipupwe sita alikaa kwenye dirisha la jiko,
ghorofa ya tatu, mtaa wa Lorraine, mjini Bern,
akihesabu treni zivukazo daraja
kana kwamba shirika la reli limemwajiri.
Jina lake Zibele, yaani kitunguu,
kwa kuwa siku niliyomleta nilikuwa nalia
kwa jambo jingine
na nilihitaji kisingizio.

Juni ya mwaka jana njiwa alitua kwenye roshani.
Waliosema mbio za sakafuni huishia ukingoni
hawakumjua Zibele, lakini walimsema yeye.
Nilisikia kichaka cha waridi kikivunjika chini,
kisha kimya,
kimya kile cha simu isiyopokelewa.

Daktari Aebersold aliliunga taya kwa waya mwembamba,
akaniambia bila kuinua macho:
“Ama uifunge roshani kwa wavu, ama umjengee njia.
Paka hasemi anataka nje. Huanguka.”

Kwetu ngazi za paka hupanda kutani
kama mishono juu ya kidonda kilichopona.
Lakini hupigilii msumari
kabla wapangaji wote hawajatia sahihi.
Wanane walitia wakiwa wamesimama mlangoni.
Wa tisa, Bi Hulda Wüthrich wa ghorofa ya kwanza,
alinikaribisha ndani, akanipa chai, akakataa.
“Mwezi wa tano makinda hushuka kichakani pale.
Hawajui kuruka, hawajui paka.
Nani atawatilia wao sahihi?”

Nikainywa chai yote. Sikuwa na jibu.

Wiki mbili baadaye, karatasi chini ya mlango, kwa penseli:
asitoke kabla ya saa nne asubuhi;
Mei na Juni akae ndani;
avae ukosi wa rangi kali, ndege wamwone toka mbali.
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo:
ngazi isipite dirisha langu la kulala.
Ipite la jikoni.

Nilimwaga unga sakafuni nikapima hatua yake.
Mbao za msonobari, mwinamo wa taratibu, kona tatu,
maana kwa paka kupanda ni kipaji,
kushuka ni elimu.
Juu ya kila kidato kipande cha zulia kuukuu la mama,
makucha yapate pa kushika siku ya mvua.

Kisha mkanda kifuani mwake, kamba mkononi mwangu,
kidato kwa kidato, ini kavu kwa ini kavu.
Kidato cha nne kilitugharimu siku tatu,
mimi nusu mwili nje ya dirisha,
mtoto wa jengo la pili akinipigia makofi.
Siku ya kumi na mbili nikaifungua kamba.
Kiganja kilibaki kimefumba,
hakijaambiwa.

Akashuka. Kona ya kwanza, kona ya pili.
Akafika mbele ya jiko la Bi Hulda
akaketi.
Basi.
Nyasi zote zile, kuta za kutembelea,
harufu ya mto ikipanda kutoka bondeni,
yeye anamtazama mwanamke akimenya viazi.
Kesho yake vilevile. Na keshokutwa.
Nakiri niliumia kidogo:
vidato arobaini na kimoja,
na hata ukucha mmoja haujagusa ardhi.

Desemba theluji iliangukia usiku kucha.
Alfajiri nikashuka na ufagio wa mpini mrefu
nisafishe ngazi kuanzia chini,
kofia hadi nyusi, nikinung'unika.
Nilipofika usawa wa jiko lake
ufagio haukukuta kitu.
Vidato vitano vilikuwa vimeshafagiwa,
kote ambako mkono mfupi hufika kutoka dirishani.
Kimojawapo kilikuwa na zulia jipya,
jekundu,
limekatwa upogo kwa mkasi usio na makali.