Dawa ya Deni

Bibi yake Arafa aliishika kamera kama anayepima kibaba cha samli,
akaipindua, akatafuta kioo cha kutazamia picha, hakukiona.
"Simu ina kanwa," akasema. "Hiki je?"
Hakina, nikamwambia. Kina tumbo tu.
Ndipo nikaruhusiwa kuingia.

Taa mbili za ukutani, na moja ilikuwa inakata roho.
Wanawake sitini, udi mpaka kwenye kope,
asumini zimeshonwa shada juu ya nywele,
piko nyeusi ti kwenye viganja vya bibi arusi.
Filamu yangu ni ya mia nne.
Nikaidai elfu moja na mia sita.
Nuru yote niliyotumia mle ndani ilikuwa ya mkopo,
na dawa ya deni kila mtu aijua.

Lakini dawa gani?

Saa tisa usiku. Langoni kumelala,
punda mmoja tu anakwaruza mlango wa watu kwa kwato.
Mezani nina chupa mbili.
Hii ndogo ni urithi wa marehemu Famau mpiga picha,
nyeusi kama kahawa ya mwisho birikani; miaka kumi na miwili na haijachacha.
Matone machache tu, na kila ukingo utakatika kwa wembe.
Ila chembe zake ni mchanga,
na nani atanisamehe nikimmwagia bibi arusi mchanga usoni?
Nachukua ya unga, niliyoikoroga jana
ikatulia kwenye chupa ya sharubati ya ukwaju.

Maji ya bomba yana chumvi, na yana joto la digrii ishirini na tisa
hata saa hizi. Yataivisha picha mbiombio,
na mbiombio huacha madoa.
Barafu ya sokoni inanuka nguru.
Umebaki mtungi wa darini, uliolala nje na upepo:
ishirini na nne. Sawa.

Nafungua daftari la Famau, hati za Kiarabu, wino wa zambarau:
*Mtungi, kaskazi, 24, dakika sita u nusu.*
Ukurasa kwa ukurasa, wanaume na shuka nyeupe mgongoni,
vitambulisho, pasi za kwenda Jeddah,
mchana, mchana, mchana.
Ukumbi wa wanawake haumo.
Hakuwahi kupita mlango ule.

Basi nakadiria mwenyewe.
Nane: piko itazama ndani ya mkono wa nguo,
na mashangazi wa pembeni watabaki meno.
Kumi na moja: asumini zitageuka chokaa,
shada zima bonge moja lisilo petali.
Tisa, nasema. Kisha nakumbuka kile kitoto, Shamsa,
chini ya meza na kaimati mbili mashavuni,
mahali ambapo taa haikufika kabisa.
Tisa na nusu. Nusu ni yake.

Namimina. Nagonga debe mezani, viputo vitoke.
Kila nusu dakika naligeuza mara nne, polepole,
kama mtoto mwenye gesi tumboni.
Dakika ya saba simu inatetemeka: Arafa.
Bibi arusi mzima, saa hizi, hajalala.
*Zimetoka?*
Vidole vina dawa. Sijibu.

Siki. Hipo. Maji, maji, maji tena.
Nauning'iniza mkanda kwa kibanio cha nguo
na kila kitu kimebadilishana mavazi:
meno meusi, piko nyeupe, asumini kama punje za pilipili manga,
zinahesabika.
Picha ya ishirini na mbili taa ilizimika;
kuna kipuli kimoja kinaelea, wala sijui ni cha nani.
Shamsa yumo. Kwa shida, lakini yumo.

Asubuhi nitaikata sita sita, niitie kwenye bahasha,
nimkabidhi bibi mkononi, yote, hata ile ya kipuli.
Ndiyo ahadi. Kwangu hapasalii uso.

Chini ya mstari wa Famau naandika kwa kalamu ya risasi:
*Mtungi, 24. Elfu moja na mia sita. Dakika tisa u nusu.
Ndani. Wanawake.*