Mstari wa Jina

Kazi yangu ni kuvusha barua.
Zinakuja kutoka Uncía ndani ya gunia la viazi,
maana dereva wa viazi hadai nauli ya karatasi.
Mimi hapa Oruro, ghorofani, juu ya duka la mishumaa,
nazivua Kikechua, nazivika Kihispania,
na Bwana Tveit wa misheni anazimalizia safari hadi kwao Norwe.

*Mpendwa mfadhili, mimi sijambo.*
Hakuna mtoto asiye hajambo.
Mstari huo mwalimu huuandika ubaoni.
Kikohozi alichotoka nacho baba mgodini, hakimo.
Kondoo waliokufa kwa baridi ya Juni, hawamo.

Nambari 417: Eulalia Colque, miaka tisa,
darasa la tatu, anapenda hesabu.
Kwenye picha amesimama mbele ya ukuta wa buluu
na viatu vya kuazima. Nakijua kile kishikizo kilichovunjika:
kimeshapigwa picha na watoto kumi na wawili.
Kanuni ni mtoto mmoja kwa kila nyumba.
Mkoba mmoja, sare moja, bakuli moja la supu adhuhuri.
Mfadhili wake ni Bi Ragnhild, mjane,
fedha zake hufika tarehe tano, theluji iwepo isiwepo.

Barua ya Machi herufi zilisimama wima, kama waumini.
Ya Mei zikalala kushoto, kama nyasi baada ya upepo.
Juni wima.
Agosti zimelala.
Nikasema, mtoto, mkono haujakomaa.

Kisha nikapanda Uncía kwa picha za mwaka.
Nikamkuta Eulalia darasani,
anagawa mia na arobaini na nne kwa kumi na mbili.
Nikaenda kwao kumwamkia mama,
nikamkuta Eulalia zizini, kashika kamba ya lama.

Mama alinipa kigoda. Alimenya kiazi kizima ndipo akasema:
"Leo huyu, kesho yule.
Jioni aliyekwenda humfundisha aliyebaki.
Sare ni moja, ila miili kaipima Mungu, haikupishana.
Kura ilimwangukia Eulalia.
Sasa huyu Hilaria, nimrudishe tumboni?"

Nilipofika ofisini nikamwambia Bwana Tveit
picha zimetoka vizuri.
Na kweli zilitoka vizuri.

Desemba kikaja kifurushi: glavu nyekundu za sufu.
Jozi mbili.
*Nilikuwa mwalimu miaka thelathini na minane,*
aliandika Bi Ragnhild,
*mkono mmoja hauandiki namna mbili.*
*Zenye uzi mweupe ni za yule wa kushoto.*
*Anaitwa nani?*

Barua zake hupita kwa Bwana Tveit kwanza.
Ndiye anayezigeuza, basi alishaisoma.
Aliiweka mezani kwangu, juu yake fomu mpya,
akavaa kofia, akasema anakwenda kutafuta mkate,
saa tatu asubuhi, mtu aliyekwisha kula.

Fomu ina mstari mmoja wa jina.
Nimeandika Eulalia, nikanyanyua kalamu.
Chini kabisa kuna kisanduku, *kwa matumizi ya ofisi*,
na humo, kwa herufi ndogo kama mbegu za kwinoa,
nimeandika Hilaria,
nikizilaza kidogo kushoto.

Bwana Tveit bado hajarudi na mkate.
Gunia linanuka udongo.
Nambari 418 ananiambia hajambo.