Gumba kwa Gumba

Navua miwani kwanza, naikunja, naiweka kando ya goti.
Miaka ishirini na sita hapa Sabae nanyoosha mikono ya miwani ya watu,
nusu milimita huku, nusu milimita kule,
kwa hiyo kitu kilichopinda huniwasha kama upupu,
na ukuta huu umepinda.

Tunaugeukia. Saa kumi na moja alfajiri, theluji imefika dirishani.
Mtawa Eshun anapita nyuma yetu, nyayo zake hazina habari.
"Magoti yashike chini. Kiuno mbele kidogo.
Kidevu ndani, kama aliyepewa siri na hataki kuitoa."
Kisha tunayumba, kushoto, kulia,
kwanza upana wa mlango,
halafu wa kitabu, halafu wa unywele,
mpaka mwili wenyewe uchague pa kusimama
huku umekaa.

Macho usifumbe. Macho usikodoe.
Yaache yaanguke hatua moja mbele.
Yaanguke wapi? Bila miwani ukuta ni uji.
Ule ufa wa jana umeyeyuka,
na mimi, ambaye riziki yangu ni kuwapa watu kuona,
nimenyimwa, na bado napumua.

Mate, sasa. Nikiyakumbuka yanajaa,
nikiyameza, koo linapiga kishindo cha ndoo kisimani.
Tumbo la Bwana Hirabe, muuza tofu, linanena lugha yake,
linauliza, linajijibu.
Kope zinashuka zenyewe kama pazia la duka.
Mguu wa kulia umelala bila kuniaga,
wa kushoto umejaa sisimizi, wanahama na mayai yao.
Pua inawasha. Pua! Sikujua nina pua
mpaka nilipokatazwa kuigusa.
Sikukatazwa, kwa kweli. Eshun alisema tu:
ngoja kwanza, uone mwasho unakokwenda.
Ulikwenda. Ukarudi na dada yake.

Najikaza niwe jiwe.
Mabega yanapanda kutafuta masikio.
Najikaza tena, meno juu ya meno,
ndipo nasikia

tik. tik-tik. tik.

Si saa, ukumbi huu hauna saa.
Si matone, nje kumeganda.
Naliiba jicho, kosa, najua,
na Eshun, aliyeketi mwisho wa safu, jirani yangu,
mikono yake imepakatana, magumba yakikutana juu
"kama yameshika karatasi isiyokuwepo,"
ndivyo alivyotufundisha.
Yake yanagongana, kucha kwa kucha.
La kushoto linatetema, linamwacha mwenzake,
linarudi, linabisha hodi.
Na bega lake moja liko chini. Milimita kumi na mbili,
hata kwa macho haya ya ukungu.
Vidole vyangu vilitaka kwenda kulinyoosha.

Kwenye chai, Nagisa, miaka kumi na tisa, mdomo hauna breki,
akauliza mbele ya watu.
"Ni ugonjwa," akasema Eshun. "Mwaka wa tatu. Dawa husaidia mchana."
"Sasa unatuliaje?"
Akafikiri. Chai ikamwagika kidogo, akaipangusa kwa mkono wa joho.
"Linatikisika," akasema. "Mimi nimekaa nalo."
Kisha akataka kujua nani amemaliza figili.

Kengele ya pili. Ukuta.
Nayumba: mlango, kitabu, unywele,
nangoja ule unywele ukome,
haukomi.
Damu inapiga, kiwiliwili kinaitikia,
mbele, nyuma, kidogo mno,
sina rula ya kukipimia.
Mbavu zinafunguka kama zilivyofunguka tangu nizaliwe,
sijawahi kuzishukuru.
Koo linateka maji yake.
Mabega yameshuka, sijui saa ngapi.

Kando yangu, tik. tik-tik.
Tumbo la Hirabe linaitika.
Ukuta ni uji, nami sina kijiko.