Chupa Sitini za Rimgaudas

Kaka yangu Rimgaudas alipika bia mwezi wa pili,
theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha,
bia ya harusi ya Skaistė wangu.
Chupa sitini. Akazishusha stoo ya chini, kreti kwa kreti,
akatundika kipimajoto kwenye msumari:
"Nyuzi nane. Usiziguse mpaka Juni."
Kisha akarudi kwake Panevėžys,
nikabaki mlinzi wa nisichokijua.

Machi, Skaistė akavunja uchumba.
Aprili, barafu ya mto ikakatika,
maji yakaingia stoo bila hodi,
viazi vikaelea kama vipara vya wazee waogao.
Nikavua soksi. Nikaziokoa chupa,
mgongo ukinilaani kila ngazi,
nikazipandisha darini, juu ya bafu la mvuke.
Pale pakavu, nikasema. Pale salama.

Pakavu, ndiyo.
Lakini kila Jumamosi hapa tunakoka moto,
na moto haujui kukomea dari.
Jumamosi nyuzi thelathini na sita.
Jumatatu alfajiri, tatu.
Jumamosi tena, chini kuni zinacheka,
juu chupa zinatokwa jasho gizani.
Wiki saba nikaipandisha homa na kuishusha,
mimi mwenyewe, nikijisugua mgongo kwa majani ya mbetula,
nikiimba.

Mei, Skaistė akamrudia Mantvydas.
Sikuuliza. Nikanunua vitambaa vya meza.

Ya kwanza ilipasuka usiku wa manane.
Nikatoka na shoka, nikidhani mwizi.
Kumbe ni hamira:
ililazwa kwa baridi, ikaamshwa kwa joto,
ikakuta sukari kidogo iliyosazwa,
ikala, ikavimba pumzi,
na nyumba yake haina dirisha.
Asubuhi nilifagia vigae vya chupa tatu.
Mbao zilinuka mkate.

Rimgaudas alipokuja hakunigombeza.
Ningependa anigombeze.
Aliinua chupa, akaikingia jua:
"Ukungu huu, bia ikipoa huja, ikipata joto huondoka.
Ila ukiuita na kuufukuza, ukiuita na kuufukuza,
siku moja unakataa kuondoka."
Akafungua. Akanusa. Akanipa.
Boksi la viatu lililonyeshewa,
na kwa mbali, tufaha lililosahaulika mfukoni mwa koti.

"Joto limeizeesha," akasema.
"Na kule kupanda na kushuka kumeichosha.
Baridi ingeivumilia. Hata kijoto kidogo, kisichobadilika, ingejitahidi.
Lakini leo huku, kesho kule…"
Skaistė alikuwa mlangoni na kapu la mayai.
Akatazama mayai.

Jioni nilishuka stoo kutafuta viazisukari vya siki,
na kwenye rafu ya juu, nyuma ya mitungi,
ambako maji hayakufika wala mikono yangu,
ilikuwepo moja.
Vumbi mabegani. Baridi ya jiwe.
Msumarini kipimajoto bado kilisema nane,
kama mtu anayerudia jibu lake
baada ya darasa kutawanyika.

Tuliigawa watu wanne, vidole viwili viwili vya glasi.
Povu likasimama, halikuwa na haraka.
Shayiri ilikuwepo. Moshi wa tanuri ulikuwepo.
Na mwishoni uchungu wa hopsi, safi,
uliokuja ukakaa, ukaaga vizuri.
Mantvydas akafumba macho.
Rimgaudas akafuta masharubu, akasema neno moja:
"Hii."

Hamsini na sita tulizinywa harusini hata hivyo,
na nyama ya nguruwe, na chumvi nyingi.
Jirani Petronėlė aliomba ya pili,
lakini Petronėlė huomba ya pili ya chochote.
Mimi nilimwaga yangu penye mizizi ya mlilaki,
nikamwangalia mwanangu akicheza,
mkono wake shingoni mwa yule kijana,
usiku nyuzi kumi na nne,
upepo umetulia.