Jiko

Hospitali ya Ibra, chumba cha pili cha upasuaji.
Nje, joto arubaini na sita. Humu ndani
Bi Shinuna binti Humud anatetemeka chini ya blanketi,
nyonga imevunjika kwenye ngazi za falaji,
moyo unakwenda mia na kumi na nane.

Anamjibu daktari wa mifupa kwa Kiarabu kilichonyooka:
Hapana, sijala. Ndiyo, nimeswali. Hapana, siogopi.
Skrini inamsuta.

Natia miligramu moja kwanza, ya kulegeza.
Nangoja. Dawa hii haitaki pupa;
ukimzidishia mzee, utamtafuta usimwone.
Mia na tano. Tisini na sita.
Vidole vinaiachia shuka kimoja kimoja,
na ulimi nao unaachia:

"Mwanangu, jiko nimelizima?"

Kwa Kiswahili. Kile cha Wete, cha mama yangu,
ambacho humu kazini hakina kazi.
"Jiko gani, bibi?"
"La mkaa. Uani. Tulitoka mbio,
mbaazi nimeziacha juu..."
Macho yananitazama, hayanioni.

Miaka sitini chungu kiko motoni.

Watu husema usingizi nduguye mauti.
Mimi nalipwa kukaa kati ya ndugu hao wawili,
kwenye kigoda cha magurudumu,
wasije wakashikana mikono.
Sindano ya pili, nyeupe kama tui,
naisukuma taratibu,
na kabla kope hazijakutana namwambia sikioni:
"Nimelizima. Na chungu nimekiepua."

Sijui kama alisikia.
Sabini na nne. Ikatulia hapo.

Saa mbili na robo waligonga chuma kwenye mfupa.
Presha ilishuka mara moja, nikaipandisha;
nikaongeza tone, nikapunguza tone,
kama mpishi wa watu wasiotaka chumvi
na wasiotaka chakula chapwa.

Jioni nikapita wodini. Ameegemezwa mito,
tende moja mkononi, bado hajaila.
"Nilisema nini kule?" akaniuliza, kwa Kiarabu.
"Wanangu wanasema watu hupayuka."
Dawa ile hufuta. Ndiyo kazi yake ya pili.
"Hukusema kitu," nikamjibu.
Akaitia tende mdomoni.

Usiku, nyumbani kwangu, niliamka mara mbili
kwenda kutazama gesi.