Mizani ya Tisa

Ijumaa ile gazeti lilitoka na bata bukini wangu
amesimama kibarazani, shali shingoni, kikombe mkononi,
anaimba.
Miaka kumi na tisa namchora bata huyu
na hajawahi kuimba. Sijui nilipatwa na nini.
Labda ni baridi ya Thunder Bay: thelathini chini ya sifuri,
wino umegoma kutoka kalamuni
mpaka uuatamie kwapani kama yai.

Wimbo wenyewe kila mtu hapa mjini anaujua,
ule wa mwanamume anayengoja treni ya mwenzi wake.
Huimbwa harusini, huimbwa mazikoni,
walevi huulilia saa nane za usiku.
Mimi nikauvua koti, nikauvisha aproni:

     Njoo greda la moyoni,
     nimekwama kibarazani,
     theluji iko shingoni
     na chai imeshaganda.

Jumatatu barua zikaanza.
"Mpendwa Bi Haavisto," aliandika Verna Moonias,
mwalimu wa darasa la nne,
"watoto wamehesabu kwa vidole.
Mstari wa pili una mizani tisa.
Tumerudia mara tatu, tukafungua na dirisha, bado tisa."
Chini, sahihi ishirini na mbili,
moja ya hamsta.

Nikajibu: Waheshimiwa mahakimu,
hiyo *ki* si yangu, ni ya bata.
Kibaraza chake ni kidogo. Mkikiita baraza
manispaa itamtoza kodi.

Wakajibu: Hatujaridhika.
Lakini tunampenda.

Jumatano ikaja bahasha yenye dole gumba la grisi.
Desmond Pawluk, dereva wa greda,
kaandika nyuma ya ratiba ya zamu:

     Bata, punguza lawama,
     hata magreda hukwama,
     tangu jana ninahema
     na supu yangu yapoa.

Nane, nane, nane, nane. Nilihesabu.
Nilicheka mpaka paka akahama chumba.
Nikamwandikia: Bwana Pawluk, unanimwagia unga wangu.
Akanirudishia kadi: Basi tubadilishane.
Wewe shika usukani saa kumi alfajiri,
mimi nitakaa kwenye joto nichore ndege.

Halafu ile ya Bi Tyyne Rautio.
Karatasi ya mistari, mwandiko uliolala kama majani baada ya mvua.
Nilidhani ananikemea. Wimbo ule ni wa wazazi wake.

"Mume wangu aliuimba miaka arobaini na mmoja," kaandika,
"akioga, akichonga kuni, akinitafutia miwani.
Utotoni alisikia vibaya. Pa *mwenzi* aliweka *mbuzi*.
Njoo mbuzi wa moyoni.
Kila mara nilimsahihisha, kila mara alisema: ndivyo nilivyosema.
Siku ya kumzika kwaya iliimba vizuri, neno kwa neno,
nami nikakaa pale nikiona wamekosea.
Bata wako anakosea vizuri.
Mwambie aendelee."

Barua hiyo sikuijibu siku ile.
Niliiweka chini ya taa, nikanoa penseli tatu
ambazo hazikuhitaji kunolewa.

Ijumaa iliyofuata bata yuko palepale,
theluji imefika kwenye mdomo,
na pembeni kabisa, karibu na nguzo ya taa,
anapita mbuzi mdogo, amebeba begi,
kama aliyeshuka treni sasa hivi.
Sikumwekea maneno.

Darasa la nne wakauliza kama mbuzi ana jina.
Pawluk akauliza kama ana leseni.
Bi Tyyne hakuuliza kitu. Alituma mkate wa shayiri
uliofungwa kwenye ukurasa ule wa gazeti,
na mbuzi amekatwa kwa mkasi, hayupo,
tundu lenye umbo lake
na pembe mbili.

Mtaa wangu ni wa mwisho kwenye ratiba.
Jumanne, kabla ya mapambazuko, nikasikia chuma kikikwaruza lami,
taa ya njano ikizunguka darini mwangu.
Nikatoka na soksi kibarazani — ndiyo, *ki*barazani —
na Pawluk, bila kusimama, akapiga honi
mara nane.

Alipofika kwenye kona, kwa uchokozi tu,
akapiga ya tisa.